Kuta Zinyooke kwa Bei Gani?

Tembe za Wanyaturu zilisamehe mengi. Paa la udongo lililolazwa juu ya miti halikujali ukuta uliopinda sentimita tano. Bati halina huruma hiyo: kona ikikosa mraba, bati za mwisho zinakatwa mshazari na kenchi zinapishana urefu. Ndiyo maana hata kijijini Mgori, kwa Wanyaturu hao hao, mtu anayetaka nyumba ya vyumba vitatu anaulizwa na fundi ramani iko wapi, na kijana mwenye laptop anaulizwa atachora kwa programu ipi.

Macho hayatoshi. Kwenye skrini, mstari uliopinda nyuzi 1 unaonekana umenyooka kabisa. Kwenye ukuta wa mita 10, nyuzi hiyo moja ni zaidi ya sentimita 17. Kwa hiyo usivutiwe kwanza na picha za rangi. Tafuta programu inayonasa: kipanya kikikaribia ncha ya mstari, katikati yake au makutano, kishikwe hapo hapo.

Revit ndiyo ghali. Kwa bei ya Marekani inazidi dola 2,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 6. Madarasa ya fedha za UVIKO ya mwaka 2021 yalitengewa milioni 20 kila moja, kwa hiyo leseni ya mwaka mmoja inakaribia theluthi ya darasa. AutoCAD kamili ni kama dola 2,000, na toleo lake dogo, LT, kama dola 500. Tangu 2016 kampuni ya Autodesk, yenye programu zote hizo, haiuzi tena leseni mpya za kudumu. Ukiacha kulipa, mlango umefungwa.

Unachonunua kwenye Revit ni kitu kimoja kizuri sana. Unabofya mstari wa kufuatwa, kisha ukuta wa kusogezwa. Ukuta unakuja wenyewe, na kufuli dogo linatokea. Ukilifunga, siku mwenye nyumba akibadili mawazo na ukuta wa kwanza ukahama, wa pili unaufuata. Kwenye ghorofa nne, ambako kila nguzo lazima ikae juu ya mwenzake, kufuli hilo linarudisha fedha yake. Ila hapo utakuwa umeajiri mbunifu aliyesajiliwa, na leseni ni mzigo wake. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu ni anasa.

LibreCAD ni bure na inakubali kompyuta dhaifu. Inachora ramani bapa tu, na haina kufuli: ukihamisha ukuta, wenzake unawahamisha mwenyewe. Lakini kunasa inanasa sawasawa na zile za mamilioni. FreeCAD, iliyofikia toleo 1.0 Novemba 2024, nayo ni bure na ina masharti ya kulazimisha mistari iwe wima, mlalo au sawa kwa urefu. Unailipa kwa majuma ya kujifunza. SketchUp ya bure ni rahisi kuliko zote, ila inafanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo kila ukichora kifurushi kinaliwa, na masharti yake hayaruhusu kazi ya malipo. Leseni za bure za wanafunzi wa Autodesk nazo si za kuchorea wateja.

Mimi ningechukua LibreCAD, kisha ninunue tepu nzuri ya chuma na mpira wa maji. Kamba ikilegea kiwanjani, usahihi wa skrini umepotea wote. Wakati wa kuseti msingi, kanuni ya 3, 4, 5 ipigwe kwa 6, 8, 10, maana pembetatu kubwa hupunguza kosa. Na mchoraji aandike kwenye ramani kipimo cha kona kwa kona, jambo ambalo wengi wanaliruka: nyumba ya mita 10 kwa 8 ni mita 12.81. Fundi apime kona kwa kona pande zote mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, vigingi visogezwe kabla jembe halijagusa ardhi.