Tumbako Ni Adui wa Moyo

Mulongo iko kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Waluba, na huko watoto huijua mapema kazi ya moshi. Samaki hutandazwa juu ya uchanja, na moshi huwakausha hata waweze kupelekwa mbali bila kuoza. Moshi huo una faida, maana samaki amekwisha kufa. Lakini mara nyingi karibu na uchanja huketi mtu mwenye kiko au sigara, naye auvuta moshi mwingine hata ndani ya kifua kilicho hai. Je, moshi huu wafanya nini humo?

Wengi hudhani kwamba tumbako hudhuru mapafu tu. Sivyo, moyo nao huumia. Moyo, ulio mkubwa kama ngumi, hupiga mara 100,000 hivi kila siku. Tuufananishe na mpiga kasia. Nikotini iliyomo katika tumbako humlazimisha kwenda mbio zaidi, na papo hapo huibana mishipa ya damu, kana kwamba mkondo wa mto umemzidia nguvu. Tena moshi una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ishikayo mahali pa oksijeni katika damu. Basi mpiga kasia huyu huongezewa kazi na kupunguziwa chakula. Pamoja na hayo, moshi huharibu upande wa ndani wa mishipa. Mafuta hugandamana hapo, na damu huganda upesi. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hushikwa na maumivu ya kifua, naye aweza kufa ghafula. Ukiziba ule wa ubongo, hupata kiharusi.

Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kamwe, waliopumua moshi wa wenzao. Baba avutaye nyumbani na akumbuke mke na watoto wake.

Wengine hujitetea wakisema, “Navuta moja tu kwa siku.” Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hatari ya moyo iletwayo na sigara 1 kwa siku ni karibu nusu ya ile iletwayo na sigara 20. Kwa hiyo kupunguza hakutoshi; yapasa kuacha.

Wengine husema, “Nimekwisha zeeka, nitapata faida gani?” Wasikate tamaa. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kutulia. Baada ya saa 12, ile hewa ya sumu hupungua katika damu hata kipimo cha kawaida. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji; na baada ya miaka 15 hulingana na ya mtu asiyevuta.

Kuacha si kazi nyepesi. Siku za kwanza mtu huwa na hasira, na usingizi humpotea. Lakini kila tamaa ijapo hupita baada ya dakika chache: anywe maji, ashike kazi, asali. Awaambie jamaa zake nia yake, na kumwomba mganga wa hospitali shauri. Akianguka, ainuke na kuanza tena. Wengi walioshinda walijaribu mara nyingi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza Amri ya Tano, yatuonya tusizidishe chakula, pombe wala tumbako. Naye marehemu Papa Fransisko alikataza sigara zisiuzwe tena Vatikano tangu mwaka 2018, ingawa biashara ile ilileta fedha.

Nanyi wanafunzi, msianze. Fedha za sigara zafaa kununua madaftari. Na ninyi akina baba, moyo mliopewa na Mungu ni mmoja tu, na nyumba nzima yautegemea. Uacheni upumzike.