BIBI KASAHAU NJIA? USIMFUNGIE, TEMBEA NAYE!

Wiki hii, mpenzi msomaji, tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mavazi. Nna swali moja tu: bibi yako mara ya mwisho katoka nje lini?

Nauliza kwa sababu hapa Ng'ambo, kuanzia Miembeni mpaka Magomeni, nyumba si chache zenye mzee anayeuliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Mjukuu anamwita kwa jina la marehemu mdogo wake. Siku moja anatoka kwenda duka la jirani, anakutwa Darajani hajui arudi vipi. Sisi tunasema uzee huo, wengine wanasema katupiwa kitu, na dawa yetu ni moja: komeo. Mlango unafungwa, basi tena!

Kuna familia mtaani kwetu walimfungia mama yao hivo hivo, kwa mapenzi kabisa, asije akagongwa na gari. Haikupita miezi sita, bibi aliyekuwa akipanda ngazi za ghorofa bila kushika ukuta akawa hainuki kitini mpaka ashikwe. Na kusahau? Kuko pale pale.

Wataalamu wanasemaje? Huko Perth, Australia, walichukua watu 170 wa miaka 50 na zaidi walioanza kulalamika kusahau. Nusu wakapewa mpango wa mazoezi wa miezi 6, dakika 150 kwa wiki, na wengi wakachagua kutembea tu. Majibu yalitoka 2008: waliotembea walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu na akili, na hata mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwepo. Kidogo, lakini ipo. Wamarekani nao 2011 waliwapima wazee 120. Waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2. Kwa kawaida uzeeni hunywea.

Msidhani ni maradhi ya Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2009 na 2010, wakakuta karibu 6 katika kila 100 wana demensia, yaani maradhi yenyewe ya kupoteza kumbukumbu.

Lakini asije mtu akakuuzia miujiza! Uingereza waliwajaribu watu 494 ambao demensia ilishawashika. Mazoezi ya nguvu miezi 4, miili ikapata afya, akili haikurudi. Hayo yalitangazwa 2018. Kwa hiyo ndugu yangu, wakati wa kutoka ni sasa, bibi anapotafuta miwani iliyo usoni mwake, si siku akikusahau wewe. Na hata hiyo siku ikifika, miguu bado inamfaa: ataweza kwenda chooni mwenyewe. Hilo dogo?

Nyinyi mnaokimbia Maisara kila alfajiri na fulana zenu mpya, siku tatu kwa wiki acheni kukimbia. Mshike mkono bibi, jua likiwa bado pole, dakika 10 kwanza, mkizoea muongeze. Viatu vya kubana mguu, si ndara. Njia iwe ile ile kila siku, na iwe ya ndani. Barabara kuu Vespa haziwaachii hata pa kukanyaga. Akiwa na presha au kifua, daktari aulizwe kwanza. Akichoka, yapo mabaraza, na barazani kuna watu wa kumuamkia, jambo ambalo ndani ya komeo hana.

Jambo jingine: andika namba ya simu ya nyumbani kwenye kitambaa, kishonee kwenye pindo la kanga yake. Na wewe ukimkuta njiani bibi kasimama anaangaza huku na huku, usimpite. Shikamoo kwanza, muulize anakwenda wapi, halafu tazama pindo.