Ubelgiji: Ruzuku ya manispaa ina njia yake

Auderghem, ambayo wasemaji wa Kiholanzi huiita Oudergem, ni mojawapo ya manispaa 19 za Jimbo la Brussels. Iko kusini-mashariki mwa jiji, ukingoni mwa msitu wa Soignes. Katika kasri lake la Val Duchesse ndiko yalikofanyika, mwaka 1956 na 1957, mazungumzo yaliyozaa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya.

Mkazi wa kawaida, hata hivyo, ana maswali yaliyo karibu zaidi na mlango wake. Nani atamtembelea mzee anayeishi peke yake? Nani atawasaidia watoto kazi za shule jioni? Nani atagawa chakula kwa familia ambayo mshahara wake umekwisha kabla ya mwezi?

Mjini Brussels, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na vyama visivyo vya faida, ambavyo baadhi yake hutegemea ruzuku ya manispaa. Wahamiaji kutoka Kongo na Afrika Mashariki nao huanzisha vyama vya namna hiyo. Je, fedha hizo hutolewaje?

Milango miwili

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Mlango wa kwanza ni wa mtu binafsi. Sheria ya tarehe 8 Julai 1976 iliunda katika kila manispaa kituo cha umma cha huduma za jamii, kiitwacho CPAS kwa Kifaransa na OCMW kwa Kiholanzi. Sheria hiyo yasema kwamba kila mtu ana haki ya kusaidiwa ili aishi maisha yanayolingana na utu wake. Anayeomba kipato cha msingi hupaswa kupewa uamuzi katika muda wa siku 30, na asiporidhika ana miezi 3 ya kukata rufaa mbele ya Mahakama ya Kazi.

Mlango wa pili ni wa vyama, na huko hali ni tofauti. Hakuna chama chenye haki ya kudai ruzuku. Baraza la manispaa hutoa kwa hiari yake, kadiri bajeti inavyoruhusu. Likikataa, sheria ya tarehe 29 Julai 1991 hulitaka lieleze sababu kwa maandishi. Lakini sababu ikiwa halali, chama hakina la kufanya ila kusubiri mwaka mwingine.

Milango hiyo miwili hulishwa na mfuko mmoja. CPAS ikipungukiwa fedha, manispaa hulazimika kisheria kuziba pengo. Kwa hiyo wahitaji wanapoongezeka, gharama ya lazima hupanda, na kile kinachoweza kukatwa kwa urahisi ni ruzuku ya hiari. Jambo hili limepata uzito mpya tangu Januari 2026, Ubelgiji ilipoanza kuwaondolea posho watu waliokaa muda mrefu bila kazi. Baadhi yao sasa hubisha hodi CPAS.

Safari ya ombi

Tuchukue mfano wa akina mama kutoka Bukavu na Mwanza wanaotaka kuwafundisha watoto wa jirani jioni. Hatua ya kwanza ni kuwa chama kinachotambuliwa kisheria, yaani ASBL kwa Kifaransa au VZW kwa Kiholanzi. Sheria ya mwaka 1921 ilidai waanzilishi 3. Kanuni mpya za mwaka 2019 zinatosheka na 2. Katiba ya chama huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Hatua ya pili ni ombi lenyewe: kazi gani, kwa ajili ya nani, mahali gani, kwa gharama gani. Mwishoni uamuzi hupita kwenye baraza la manispaa, ambalo vikao vyake huwa wazi kwa wananchi. Bajeti ikichelewa kupitishwa, malipo ya hiari nayo huchelewa. Chama kisicho na akiba hujikuta kinalipa kodi ya chumba kwa fedha za mifukoni mwa wanachama.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 14 Novemba 1983 imejengwa juu ya wazo kama hilo. Anayepokea ruzuku sharti aitumie kwa kusudi lililotajwa na athibitishe matumizi yake. Asipofanya hivyo, au akizuia ukaguzi, hutakiwa kuirudisha.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ruzuku ni msaada wa aina yoyote. Ukumbi uliotolewa bure nao unahesabika. Vyama vingi vichanga hulisahau jambo hili.

Na Tanzania je?

Tanzania nayo ina utaratibu ulio karibu na huu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024.

Tofauti ni kwamba hiyo ni mikopo isiyo na riba, na kikundi hutakiwa kuzirejesha fedha. Kwa upande mwingine, kiwango chake kimewekwa na sheria. Auderghem haidai fedha zirudi zikitumika ipasavyo, lakini pia haiahidi kiwango chochote.

Sauti ya mpiga kura

Kwa kuwa wanaoamua ni madiwani, kura nayo ina nafasi yake. Sheria ya tarehe 19 Machi 2004 iliwapa wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya haki ya kuwachagua madiwani, baada ya kuishi nchini kihalali kwa miaka 5, na haki hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza Oktoba 2006. Hata hivyo haiji yenyewe: mgeni lazima ajiandikishe na kutia saini tamko la kuheshimu katiba.

Uchaguzi uliopita ulifanyika tarehe 13 Oktoba 2024, na unaofuata ni mwaka 2030. Kwa akina mama wa mfano wetu, kabati lenye stakabadhi zilizopangwa vizuri na majina yao katika daftari la wapiga kura ni vitu viwili wanavyoweza kuvitayarisha tangu sasa, kabla hata ya kuandika ombi la kwanza.