Kutoka Programu Moja hadi Ukoo wa Programu: Kisa cha StarWriter na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbuyu ulianza kama mchicha. Methali hii inaafiki historia ya programu nyingi za tarakilishi zinazotumiwa kuandikia tasnifu, kupigia hesabu na kutayarishia mihadhara. Makala haya yanaeleza jinsi programu moja ndogo ya kijana wa miaka 16 ilivyozaa ukoo mzima wa programu, na jinsi Kiswahili kilivyopata nafasi katika ukoo huo. Hoja kuu ni kwamba lugha ikishakaribishwa katika teknolojia, haidumu humo pasipo wataalamu wake kuitunza.

Chimbuko na Ukuaji

Mnamo mwaka wa 1985, Marco Börries, kijana wa mji wa Lüneburg nchini Ujerumani, aliasisi kampuni ya Star Division. Zao lake la kwanza lilikuwa StarWriter, programu ya kuchakata matini. Iliundiwa tarakilishi zenye kichakataji cha Z80, ambacho huweza kufikia kilobaiti 64 tu za kumbukumbu kwa wakati mmoja. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi haiwezi kuenea humo.

Hata hivyo, mwandishi wa ripoti hahitaji maneno pekee. Huhitaji pia majedwali ya hesabu, michoro na slaidi. Hivyo basi, StarWriter ilipata ndugu: StarCalc ya lahajedwali, StarDraw ya michoro, StarImpress ya mawasilisho na StarBase ya hifadhidata. Kufikia miaka ya 1990, programu hizi zilikuwa zikitolewa kwa pamoja kwa jina la StarOffice.

Ni muhimu kufafanua kwa nini kundi hili linastahili kuitwa ukoo. Shughuli kama vile kufungua faili, kuchagua fonti na kuchapisha hujitokeza katika kila programu. Badala ya kuziandika mara tano, waundaji huziandika mara moja katika shina linalotumiwa na zote. Kosa likirekebishwa shinani, matawi yote hupona. Aidha, kinyume chake ni kweli: shina likiugua, hakuna tawi linalosalimika.

Kiswahili Chaingia

Mwaka wa 1999, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua Star Division. Mwaka uliofuata iliutoa hadharani msimbo chanzo wa StarOffice, yaani maagizo yenyewe yaliyoandikwa na waundaji, na mradi mpya ukaitwa OpenOffice.org. Leseni yake ilimruhusu mtu yeyote kuusoma msimbo huo, kuubadilisha na kuusambaza. Kwa sababu hiyo, wasemaji wa lugha yoyote hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama lugha yao ina soko. Mnamo mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili.

Kazi ya namna hii hufanywaje? Maneno yanayoonekana kwenye kioo huwekwa katika orodha iliyotengwa na msimbo. Mtafsiri hupewa orodha hiyo na kuandika tafsiri kando ya kila sentensi. Si lazima ajue kuunda programu, ila ni lazima aijue sarufi.

Chukua mfano wa ujumbe unaomwarifu mtumiaji kwamba kitu fulani kimefutwa. Waundaji huandika sentensi moja yenye pengo, na jina la kitu hujazwa wakati wa matumizi. Kwa Kiingereza mpango huu hauna tatizo, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kulingana na nomino. Kwa Kiswahili, faili imefutwa, jedwali limefutwa, kielelezo kimefutwa na ukurasa umefutwa. Mtafsiri akiandika "imefutwa" baada ya pengo, tarakilishi itasema "jedwali imefutwa" bila haya. Suluhisho mojawapo ni kuubadilisha muundo wenyewe na kuandika "Umefuta:" kabla ya pengo. Hapo kitenzi kinapatana na mtumiaji, wala hakitegemei ngeli ya kitu kilichofutwa. Uamuzi huu ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiteknolojia.

Ukoo Wagawanyika

Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka wa 2010. Mwaka huohuo baadhi ya waundaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Mwaka wa 2011, Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation. Ukoo ukawa na milango miwili, na kila mlango una orodha yake ya maneno.

Isitoshe, kila toleo jipya huleta sentensi mpya. Zisizotafsiriwa hubaki kwa Kiingereza. Tafsiri iliyokamilika leo isipotunzwa, baada ya matoleo kadhaa mtumiaji hukutana na menyu yenye lugha mbili, na huenda akakata kauli kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba teknolojia. Kumbe kilichokosekana si uwezo wa lugha bali mikono ya kuihudumia.

Hitimisho

Kisa cha StarWriter kinadhihirisha kwamba kijana mmoja anaweza kupanda mbegu, lakini ukoo hukuzwa na wengi. Mjadala wa iwapo tuseme "tarakilishi" kama Kenya au "kompyuta" kama Tanzania hauishii darasani, kwa kuwa kila mtafsiri wa programu hulazimika kuchagua. Mwanafunzi wa Kiswahili anayefahamu ngeli, uundaji wa istilahi na nadharia za tafsiri tayari ana zana za kazi hiyo. Lililobaki ni kujitosa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika nyumba hii, mwenyeji asipofika, mgeni ndiye atakayezungumza peke yake.