Subbuteo: Kikosi kinachosajiliwa kwa brashi

JEZI ya klabu unainunua dukani, unavaa, safari ya uwanjani inaanza. Lakini kuna mashabiki Uingereza na Italia ambao jezi wanaipaka wenyewe, tena kwa wachezaji 11 wadogo sana.

Hiyo ndiyo Subbuteo, soka la mezani linalopigwa kwa ncha ya kidole. Kila mchezaji anasimama juu ya kitako cha duara chenye uzito chini. Ukimpiga kidole anateleza, anagonga mpira na kubaki wima.

Mwasisi wake ni Peter Adolph, Mwingereza mpenda ndege. Alitaka mchezo uitwe Hobby, jina la Kiingereza la aina mojawapo ya kozi. Alipokataliwa kulisajili, akachukua jina la kisayansi la ndege huyohuyo, Falco subbuteo. Kesi ikaisha.

Seti za kwanza zilitoka mwaka 1947, vita vimeisha juzi tu na kila kitu adimu. Uwanja haukuwemo. Mnunuzi alipewa chaki achore mistari juu ya blanketi la jeshi. Wachezaji walikuwa vipande vya karatasi ngumu, unavichomeka mwenyewe kwenye vitako.

Miaka ya 1960 akaingia mchezaji wa plastiki, mwenye mwili kamili. Huyu alihitaji jezi, na hapo ndipo penye jasho. Kazi ilifanywa majumbani, Tunbridge Wells na vijiji vya jirani, na wengi wa wapakaji walikuwa wanawake. Bukta, soksi, nywele, mistari ya jezi: vyote kwa brashi, mmoja baada ya mwingine. Watoto waliwajua mastaa wao kwa majina. Waliowavisha hakuna aliyewajua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikaleta umbo jipya, lililochongwa ili mashine iweze kulipaka. Hesabu za kiwandani zilikaa sawa, ila mashabiki wakagoma kulipenda. Alisimama amekakamaa kama mti, wakambatiza zombi. Hakudumu, mwaka 1980 nafasi yake ikachukuliwa na umbo jingine.

Leo wapo wanaonunua wachezaji weupe pee na kuwavisha wenyewe, hasa wale ambao klabu zao ndogo hazijawahi kuwekwa dukani. Kazi yenyewe haitaki papara. Unawaosha kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, wakikauka unapuliza rangi ya msingi. Kisha ngozi, jezi, bukta, soksi. Mistari na namba mwisho. Rangi iwe nyepesi, tabaka mbili. Ukiibandika nzito mara moja, sura ya mchezaji inazama. Vanishi inafunga kazi, kwa sababu huyu atagongwa kweli.

Kwenye kitako gundi kidogo tu inatosha. Akikaa upande, hata straika wako bora atakwenda kombo kila ukimpiga.

Na si mchezo wa kupitisha muda tu. Mwaka 2024 Kombe la Dunia la soka hili lilipigwa Tunbridge Wells, mji uleule ambako brashi za wale akina mama zilifanya kazi.