Kufunga Intaneti Ofisini kwa Baba Mdogo

Likizo ya Juni nilikwenda Tanga kwa baba mdogo, ambaye kazi yake ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Ofisi yake ni ndogo: vyumba viwili, watumishi 7, kompyuta 6 na printa moja. Nilidhani nitapumzika, lakini siku ya pili aliniita akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye mwanachama wa chama cha kompyuta huko shuleni? Basi hebu nitazamie mtandao huu. Kila mwezi nanunua intaneti, na kabla ya tarehe 20 imekwisha."

Tarehe 20 ndiyo ya mwisho kupeleka TRA hesabu za kodi ya ongezeko la thamani. Mwezi uliotangulia mama mhasibu alizipeleka usiku, kwa bando la simu yake mwenyewe. Baba mdogo alikuwa amekwisha kumshuku karani mmoja kijana, apendaye kusikiliza nyimbo za YouTube huku akiandika, na alikusudia kumkata mshahara.

Yafaa kwanza nieleze mtandao wa ofisi ndogo unavyokwenda. Kompyuta zote, na simu zinazotumia Wi-Fi ya ofisi, hupita katika kisanduku kimoja kiitwacho ruta. Kila chombo hupewa namba yake, kwa mfano 192.168.1.12. Namba zianzazo na 192.168 ni za ndani tu, hivyo maelfu ya ofisi huzitumia bila kugongana, kama vile kila bweni hapa shuleni lina kitanda namba 5. Huko nje nako mashine zina namba, lakini sisi wanadamu twakumbuka majina. Kwa hiyo mtu akiandika jina la tovuti, kompyuta huuliza kwanza namba yake. Utaratibu wa kujibu swali hilo waitwa DNS, nao ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Ufikirie kama kitabu cha simu.

Basi njia nyepesi ya kufunga tovuti ni kufuta jina katika kitabu: ruta ikiulizwa, ijibu kwamba jina hilo halipo. Nami kwa pupa nikafunga YouTube, Facebook, Instagram na WhatsApp kwa jioni moja, bila kumwambia mtu.

Asubuhi simu zikaanza kulia. Kumbe wateja wa Arusha na Moshi hupeleka picha za hati za mizigo kwa WhatsApp, na makarani huzipokea katika kompyuta. Kontena moja lilikuwa likingoja hati, na kila siku ya kuchelewa bandarini ina gharama yake. Sitasahau jinsi baba mdogo alivyonitazama. Na yule kijana? Alikuwa akisikiliza nyimbo kama kawaida! Aliiambia kompyuta yake iulize majina kwa 8.8.8.8, yaani kitabu cha Google, badala ya kuiuliza ruta yangu.

Dawa yake ipo. Ruta yaweza kuamriwa ikatae maswali ya majina yanayokwenda nje, na watumishi wakanyimwa uwezo wa kubadili mipangilio ya kompyuta. Lakini tangu mwaka 2018 pana utaratibu wa kuuliza majina kwa siri, ndani ya mazungumzo ya kawaida ya tovuti, na ruta ndogo haiutambui kwa urahisi. Tena mwenye bando katika simu yake huwezi kumfunga kwa ruta hata kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo lililonipasa siku ya kwanza: nikapima. Ruta nyingi huonyesha kila chombo kimetumia kiasi gani. Niliandika hesabu kila jioni kwa juma zima. Kijana alikuwa wa nne. Kompyuta zilikuwa zikivuta masahihisho ya Windows kila moja peke yake, kitu kilekile mara 6. Na aliyezidi wote alikuwa simu moja, namba 21, ambayo kila ikifika ofisini ilipandisha video za harusi ya dada yetu katika Google Photos.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliweka karatasi mezani pa baba mdogo, namba tupu bila majina. Akaisoma polepole. "Huyu 21 ni nani?"

"Samahani, baba mdogo. Ni simu yako."

Akanyamaza kitambo, kisha akacheka. Mshahara wa kijana haukuguswa. Kuomba radhi hakuomba, lakini jioni alimpakia kijana katika gari lake hadi kwao, jambo ambalo watumishi walisema hawajapata kuliona.

Tuliacha mambo hivi. Kompyuta ziliambiwa kwamba intaneti hii hulipiwa kwa kipimo, mpangilio uliomo katika Windows 10 na 11, ili zisivute makubwa ovyo. Simu zote, na ya mwenye ofisi ikiwamo, zilipewa Wi-Fi ya pembeni yenye mwendo mdogo. WhatsApp iko wazi. YouTube hufungwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, isipokuwa wakati wa chakula. Mashine ya mhasibu hupita kwanza. Yote yaliandikwa na kubandikwa ukutani, pamoja na kwamba ruta huhesabu matumizi ya kila chombo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka watu waambiwe taarifa zao zikikusanywa, na kwa sababu gani. Kwa maoni yangu hata kama sheria isingekuwapo, karatasi ile ilinisaidia kuliko ruta: tangu ibandikwe, sikumwona mtu tena akitafuta kitabu kingine.

Baba mdogo alipokuja shuleni siku ya wazazi alisema hesabu za Julai zilipelekwa mchana, na intaneti ikabaki. Yule kijana aliniletea salamu. Auliza kama nitarudi Desemba nimfundishe ruta.