Aliyedharauliwa Ajifunze Kujiamini Tena

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini wako wengine ambao, wakiisha kuumwa, huogopa hata macho yao wenyewe. Leo twataka kusema habari za hao.

Tumtazame mke mmoja, ambaye jina lake hatulitaji. Kwa miaka mingi mumewe alimdharau. Alikitupa chakula alichopika, akahesabu kila franka aliyoipata sokoni. Mke akimkumbusha tusi la jana, mume alijibu: «Sikusema hivyo. Wewe huna akili.» Kesho yake alileta kitenge kipya na kuomba radhi, baada ya siku chache mateso yalianza upya. Hivyo mke yule akazoea kuyashuku masikio yake mwenyewe.

Siku moja mume alimpiga hata akamvunja mkono, naye akakimbilia kwa shangazi yake pamoja na watoto. Je, alikosa? Hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu kutengana mtu ambaye mwenzake anamtia yeye ao watoto katika hatari kubwa ya roho ao ya mwili. Kifungo cha ndoa hakifunguliwi kwa hiyo; lakini hakuna anayelazimishwa kungoja mauti nyumbani.

Walakini, kutoka nyumbani ni kazi ya siku moja. Kupona moyo ni kazi ya siku nyingi. Sokoni mwuzaji alimwuliza: «Mama, wataka maharagi gani, mekundu ao meupe?» Alinyamaza. Hakujua tena alichopenda. Akamgeukia shangazi, naye akamwambia: «Chagua wewe, mwanangu. Hata ukikosea, tutakula.»

Neno hilo ni dawa kubwa. Mume alikuwa amegeuza kila kosa dogo kuwa hatia. Shangazi alilirudisha kuwa kosa dogo tu. Mke yule alianza kwa maharagi, kisha akachagua kitambaa, kisha kazi ya kushona. Jioni aliandika katika daftari mambo aliyoyaona na kuyasikia, asije mtu akamgeuzia tena jana yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata sheria ya nchi yetu ya Kongo ilikawia kujifunza jambo hili. Ile ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016.

Ninyi jamaa zake, msimwulize: «Mbona ulikaa?» Wala msimwamulie kila jambo, hata kwa huruma; maana anayeamuliwa yote na wampendao bado ni mfungwa.

Nawe uliyeumizwa, usijione mjinga. Kumwamini mwenzako hakukuwa kosa. Mwenye hatia ni yule aliyeivunja imani hiyo. Anza leo kwa jambo moja dogo: ulichague mwenyewe, ukalitimize.